Joto Chini ya Boneti

Jumapili, 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii, niliyomkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, imekukuta una nafuu, na mkono wa kulia umeanza kukutii. Najua simu huitaki. Ulisema ulimi mzito unakuaibisha, na Shangazi naye masikio yake na simu hayapatani, basi tuandikiane kama ulivyokuwa ukituandikia enzi za malori. Nilikubali. Ila barua hii ningependa iwe imefika jana.

Gari lako lina joto, Baba.

Sisemi joto la maji. Mshale kwenye dashibodi umelala katikati pale pale, hautikisiki, na rejeta haijapungua hata tone. Joto lenyewe liko chini ya boneti. Siku hizi tukimaliza kupanda mlima wa kwenda hospitali kuu, boneti haishikiki. Juzi niliweka kiganja nikakiondoa kwa ukelele. Rangi ya upande wa kulia, juu ya turbo, imetoa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa chai. Hewa inayonipiga miguuni ni ya tanuri. Halafu kuna harufu. Inakuja tukiwa kwenye kona za juu, inakaa kidogo, inapotea, na mimi nabaki nayo puani mpaka kitandani.

Abiria wangu ni wale wale watatu. Mwalimu mstaafu, yule aliyekatwa mguu, anakaa nyuma kushoto na mkongojo wake. Mshonaji anakaa katikati, mikono imemvimba hata pete haivuliki. Mbele anakaa yule mzee anayevaa suti kila safari, tunamwita Bwana Harusi. Figo zao zimechoka, na mashine ya kusafisha damu iko huko juu tu. Wakikosa safari wanavimba na kuanza kukosa pumzi. Kwa hiyo siwezi kusema gari limelala.

Sina uoga mwingi, nauliza tu. Nifanye nini?

Mwanao,
Utingo


Jumamosi, 9 Februari

Utingo,

Marahaba. Anayeandika ni Shangazi yako, maneno ni yangu. Akiongeza chumvi utaionja mwenyewe.

Nisikilize vizuri. Turbo si jini. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa ndani ili injini ndogo ipande mlima kama kubwa. Lakini nguvu ile inakuja na moto wake. Ukipanda mlima mrefu na mzigo, chuma kile kinawaka chekundu kama kaa. Nimekiona kwa macho yangu. Hiyo ndiyo hali yake. Kinachotisha ni moto huo kukosa pa kwenda.

Umesema huna uoga mwingi. Uongo huo kamwambie trafiki. Mwandiko wako umelala kama majani yaliyopigwa na mvua. Ogopa, mwanangu. Asiyeogopa moto ni yule ambaye hajaungua bado. Ila ukiogopa usifumbe macho. Ogopa huku unaangalia.

Sasa fungua boneti mchana, injini ikiwa baridi. Kuna bati lililofunika turbo kama sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Lipo? Nilipokuachia gari lilikuwepo. Nyaya zilizo karibu zikunje taratibu uone kama ni laini bado. Halafu ile harufu. Ikiwa tamutamu, ni maji ya rejeta. Ikiwa kama kitana kilichoangukia kwenye makaa, ni plastiki na nyaya. Ikiwa kama kikaango kilichosahaulika motoni, ni oili. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiogopa mimi, miaka yangu yote barabarani.

Niambie ni ipi kabla sijakuambia cha kufanya. Anayetoa dawa bila kuuliza ugonjwa huyo anauza tu.

Na ukifika juu usizime injini papo hapo. Iache ingurume kidogo kwa upole, turbo ipoe na oili ikiwa bado inapita.

(Mimi Shangazi yako naongeza: amekula, amelala, na amenigombeza tangu mstari wa kwanza kwa kuandika polepole. Mwambie karani wa bure hagombezwi.)

(Amesema nifute hayo. Sifuti.)

Baba yako,
kwa mkono wa Shangazi


Jumapili, 17 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bati halipo.

Nilimfuata fundi aliyebadilisha gasketi mwezi wa Desemba. Nilimkuta amelala chini ya lori, miguu nje. Nikamuuliza bati la turbo liko wapi.

"Lile bati? Lilikuwa linapiga kelele, dada. Nikaliweka pembeni. Halina kazi lile."

"Pembeni wapi?"

Miguu ikajivuta chini ya lori. Kisha akasema wanunuzi wa vyuma chakavu walipita Januari.

Nimekunja nyaya kama ulivyosema. Za mbali ni laini. Za upande wa turbo zimekauka, ganda linapasuka kama udongo wa kiangazi, na mmoja umeonyesha shaba yake. Nimeuzungushia utepe mweusi, lakini utepe wenyewe umeanza kutoa gundi.

Harufu ya kitana ipo, hiyo naapa. Harufu ya kikaango nayo ipo, nadhani. Si kila safari. Inatokea pale juu kabisa, kwenye kona iliyochimbwa mwambani, ambapo barabara ina ukuta upande mmoja na upande mwingine haina kitu. Baba, pale ndipo ninapoinusa, na pale hapana pa kuegesha gari.

Nimeanza kuwadanganya abiria. Nafungua madirisha nasema napenda upepo. Bwana Harusi amenunua skafu kwa ajili ya upepo wangu. Mwalimu ndiye hadanganyiki. Juzi aliniambia, "Dereva, mbona unaendesha kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani?" Nikacheka. Mlango wake, ule wa nyuma kushoto, bado hauna mkono wa ndani. Unafunguliwa kwa nje tu. Kila nikikumbuka hilo, kicheko kinakatika.

Niambie cha kufanya, Baba. Wewe sema, nami nitakifanya kesho yake.

Mwanao,
Utingo


Jumanne, 26 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako imefika na nimefurahi kusikia habari zako.

Usiogope. Joto la turbo ni jambo la kawaida na dawa yake ipo. Kwanza, chongesha bati jipya la kukinga joto, na uache nafasi ya vidole viwili kati ya bati na chuma ili hewa ipite. Pili, lile bomba la moshi linaloshuka kutoka kwenye turbo lifunge kwa utepe maalumu wa kuzuia joto, ule mweupe. Unauzungusha kama bandeji kutoka juu mpaka chini na kuukaza kwa waya. Tatu, weka washa, zile pete bapa za chuma, chini ya bawaba za boneti, upande wa kioo, ili boneti inyanyuke kidogo na hewa ya moto ipate upenyo. Nyaya zilizokauka zibadilishwe.

Ukifanya hayo joto litakwisha.

Mimi ninaendelea vizuri. Ninakula na kulala. Usije kwa sasa, barabara ni ndefu na gari halijakaa sawa. Shughulikia wagonjwa wako.

Usiogope, mwanangu.

Baba yako,
kwa mkono wa Shangazi


Alhamisi, 14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee Baba, shinikizo lake la damu halina nafasi ya habari hizi.

Gari limeshika moto.

Nilifanya kila kilichoandikwa. Bati likachongwa, washa zikawekwa, bomba likafungwa bandeji nyeupe mpaka fundi akasema linafanana na mguu wa Mwalimu. Safari za mwanzo nilitaka kulia kwa raha. Boneti ilishikika. Harufu ya kitana ikaisha, madirisha nikafunga, na Bwana Harusi akavua skafu.

Harufu ya kikaango haikuisha. Nilijiambia ni utepe mpya unazoea moto. Fundi naye alisema hivyo. Mtu akitaka kuamini jambo, Shangazi, hakosi wa kumsaidia.

Juzi, kwenye kona ya mwambani, niliona moshi unapita kwenye ule upenyo wa boneti, karibu na kioo. Mwembamba, wa buluu. Nikadhani ni ukungu. Kisha Bwana Harusi akasema kwa sauti ya chini sana, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, "Dereva, miguu yangu." Nikatazama. Moshi ulikuwa unatoka chini ya dashibodi na kumzunguka viatu.

Nilisimama pale pale katikati ya barabara, nikazima. Nilisikia sauti ndani ya boneti, fuuu, kama jiko la gesi linapokubali. Nikapiga kelele, "Shukeni!" Bwana Harusi akashuka. Mshonaji akajitahidi, akaangukia magoti lakini akawa nje. Nikazunguka kumfungulia Mwalimu. Mlango ukafunguka, ila mkongojo wake ulikuwa umenasa chini ya kiti cha mbele na alikuwa ameushikilia. Mtu na akili zake, Shangazi, ameshikilia fimbo kwenye gari linaloungua.

"Uache, Mwalimu!"

"Nitatembelea nini?" akaniuliza. Kwa utulivu kabisa, kama yuko darasani.

Nilimshika kwapani, Bwana Harusi akashika kiuno, tukamtoa akiwa anauliza. Mkongojo ukabaki ndani.

Nilikumbuka Baba alivyokuwa akisema, boneti ya gari linalowaka usiifungue wazi, utaupa moto pumzi. Nikaifyatua nafasi ya kiganja tu, nikaingiza mdomo wa mtungi wa kuzimia moto, nikabonyeza mpaka ukakohoa na kuisha. Nimeungua kifundo cha mkono wa kushoto, si vibaya sana. Lori la kabichi lililokuwa nyuma yetu likatoa mchanga wake wa kuzimia moto, dereva akaumwaga kwa koleo, moto ukafa. Halafu akawapakia wagonjwa wangu juu ya kabichi, akawafikisha hospitali. Mshonaji alifika midomo imebadilika rangi. Wameniambia yuko salama. Mimi nalala nikisikia ile fuuu.

Nilipofungua ile bandeji nyeupe, kwa ndani ilikuwa nyeusi na imelowa. Oili. Ilikuwa inavuja taratibu kutoka kwenye turbo siku zote, na zamani ilidondokea barabarani. Mimi nikaifungia kitambaa ikusanyike, kama utambi wa taa.

Sasa nakuuliza, Shangazi. Nilimtajia Baba kikaango. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia harufu hiyo anaiogopa kuliko zote. Barua iliyofuata haikuuliza hata neno moja. Nimeirudia mara nyingi. Haina tusi, haina mzaha, na nyinyi wawili hamgombani popote. Baba amenifundisha kuendesha tangu miguu haijafika chini, na maisha yake yote hajawahi kuniambia usiogope. Humu ndani ameniambia mara mbili.

Nilimpigia jirani yenu mshona viatu. Alisema "wazima, wazima," akakata.

Mkono ni wako, Shangazi. Maneno ni ya nani?

Gari nalitengeneza. Likisimama tu nakuja nalo.

Mwanao,
Utingo


Jumatatu, 18 Machi

Mama yangu,

Nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina la mama yetu, na leo nazungumza nawe kama ninayezungumza naye, nimepiga magoti.

Maneno yalikuwa yangu.

Baba yako alipigwa tena na kiharusi siku iliyofuata ile barua yetu ya kwanza. Alikuwa ananawa uso asubuhi, taulo likamdondoka. Nikasema, "Okota, mimi si mtumishi wako." Hakuokota. Nilipogeuka alikuwa amekaa sakafuni ananitazama, mdomo umeenda upande. Hospitali walimweka siku kadhaa wakamrudisha. Kusema hasemi tena. Anasikia kila kitu. Mkono wa kushoto unafanya kazi, macho yanafanya kazi. Ndicho tulichobakiwa nacho.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu nakujua. Ungelikalia lile tanuri saa ile ile, ukashuka nalo mlima na kuvuka nchi nzima bila kulala. Nilikuona barabarani kila nikifumba macho. Nilimwona kaka yangu kitandani na wewe kwenye moto, nikasema nisije nikawazika wote juma moja. Nikamwambia hata mshona viatu afunge mdomo.

Barua yako ya pili nilimsomea. Nilipofika kwenye kikaango alianza kupiga kitanda kwa mkono wa kushoto. Akapiga, akapiga. Nilidhani ni maumivu. Nikaacha kusoma, nikampa maji, nikamfunika. Akayatema maji.

Kisha nikaenda gereji iliyo nyuma ya soko, nikamwambia fundi kuna gari la turbo linachemka chini ya boneti, tulitibu vipi. Akanieleza vizuri, nikaandika. Fundi yule hakukosea, mama. Alitoa dawa ya ugonjwa niliomtajia. Mimi ndiye niliyeutaja nusu. Neno kikaango nililiona la jikoni, nikaona aibu kulitamka mbele ya wanaume.

Tangu barua yako ya moto ifike sijalala. Sikumsomea, lakini anajua. Alininyooshea mkono aipewe nikaificha chini ya kanga, na tangu hapo hanitazami.

Nitukane ukitaka. Ila usije na gari hilo. Panda basi. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu, panda basi.

Shangazi yako


Alhamisi, 21 Machi

Shangazi,

Napanda basi Jumamosi.

Nimeandika kurasa mbili za hasira nikazichana. Nitakapofika sitaki tuzungumze hayo mlangoni. Nitaingia kwa Baba kwanza.

Msomee barua ya moto. Yote, hata utambi.

Utingo


Jumanne, 26 Machi

Mwalimu,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka nyumbani kwa Shangazi yangu, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa kiti kimoja kimelaliwa na nguo za Baba na kingine Shangazi amekikalia, na bado hatujafikia kukaa kiti kimoja. Nimesikia kwamba lori la kabichi linawapandisha kwa hisani ya dereva, na kwamba Bwana Harusi ameharibu suti. Mwambie nimepokea salamu zake, hata zile zisizosomeka mbele ya watu.

Uliniuliza siku ile kama gari litarudi barabarani, na kama ukipanda tena utakuwa mpumbavu. Acha nikueleze kilichotokea huku, kisha uamue.

Nilikuta Baba amebaki mifupa na macho. Shangazi alinifungulia mlango, akasogea pembeni. Nikakaa kitandani. Baba aliniangalia usoni, kisha akateremsha macho mpaka kwenye bandeji ya mkono wangu, akayaacha hapo.

Nilikuwa nimekuja na bomba kwenye mkoba, nimelifunga kwa gazeti. Nilipofungua injini baada ya moto, oili ilikuwa imejaa zaidi hapo, lakini fundi wetu alisema bomba ni zima, halina tundu. Nami sikuliona tundu. Ni bomba fupi, jembamba kidogo kuliko shingo ya chupa, linalorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda chini kwenye injini. Nililichukua, sijui kwa nini. Pengine niliogopa kuja mikono mitupu.

Nikaliweka kwenye kiganja chake cha kushoto.

Mwalimu, sijawahi kuona mkono ukisoma. Alifumba macho. Dole gumba likapanda bombani taratibu, likashuka, likapanda tena. Kwenye kona likasimama. Likabonyeza. Akafumbua macho, akanitazama kwa hasira ambayo ningeitambua hata gizani.

"Hapa?" nikauliza. Akafumba macho mara moja, ndiyo yake ya siku hizi.

Nikapapasa. Kwenye kona lilikuwa limebonyea kwa ndani ya mkunjo, kidogo tu, kama koo la mtu anayemeza. Bila shaka lilikunjwa lilipolazimishwa kurudi mahali pake wakati wa ile gasketi.

"Lakini oili inapita, Baba. Nilipuliza, pumzi ikatokea upande wa pili."

Akaachia bomba, akainua mkono juu, akauacha uanguke kitandani. Pu. Akauinua tena, ukaanguka tena. Sikuelewa. Akainua mara ya tatu na jasho limemtoka. Nikakumbuka niliyosimuliwa, kwamba aliwahi kupiga kitanda hivyo hivyo na hakuna aliyemwelewa.

Ndipo Shangazi akasema kutoka mlangoni, "Inaanguka."

Tukamgeukia wote.

"Oili," akasema. "Huko haisukumwi. Inaanguka yenyewe tu, kama maji kwenye bati la paa. Mfereji ukibonyea, maji hayasubiri zamu, yanafurika juu ya ukingo. Si ndivyo?"

Baba akafumba macho. Alikawia kuyafumbua, na machozi yakatoka pembeni.

Ndivyo ilivyokuwa, Mwalimu. Oili ilikuwa inachelewa kushuka, inajaa ndani ya turbo, inatafuta pa kutokea kwenye maungio, inadondokea kwenye bomba la moshi. Bandeji yangu ikaipokea. Kukosekana kwa bati kulituunguza taratibu. Bomba hili lingetuua siku moja.

Baadaye Baba alinishika kifundo hiki kilichoungua, akakigeuza kuelekea dirishani ili akione vizuri. Kisha akamtazama Shangazi mpaka Shangazi akaenda jikoni. Nilimsikia huko akizungusha vyombo safi majini.

Nimefanya hivi: nimepata bomba jipya, nimelikagua kwa dole gumba mpaka nikachoka. Nikirudi nitalifunga, nitaweka bati, nitaacha washa zilipo. Bandeji sirudishi. Nitapanda mlima peke yangu, gari likiwa limebeba mawe badala ya watu, nitasimama juu na kufungua boneti. Nitapanda tena. Nikiona unyevu hata wa ncha ya sindano, gari linauzwa kwa wale wale wa vyuma chakavu. Mlango wako nao umewekwa mkono wa ndani. Hilo nililiagiza kabla sijaondoka.

Siwezi kukuambia kwamba utakuwa salama. Bado naisikia fuuu, na naisikia hata birika likichemka hapa. Ukisema hupandi, nitakuelewa, na nitakuamkia kama kawaida.

Dereva wako


Jumapili, 21 Aprili

Mama yangu,

Barua yako imefika na nimeisoma kwa sauti, kila neno, kama tulivyokubaliana. Kwamba ulipanda na mawe, na bomba likawa kavu. Kwamba ulipanda tena likawa kavu. Kwamba Mshonaji amekataa na bado anapanda lori, nami simlaumu. Kwamba Mwalimu alikuja na mkongojo mpya, akafungua na kufunga mlango wake kwa ndani mara kadhaa kabla ya kusema twende. Kwamba kwenye kona ya mwambani ulisimamisha magari yote ya nyuma, ukafungua boneti huku wakikupigia honi na kukutukania mama yako, ambaye ni mimi, na ukaweka kiganja hapo ukakiacha. Baba yako alitaka nirudie pale pa kiganja. Nimerudia.

Sasa ya huku, na sifichi kitu.

Jumatano hakula. Alhamisi alikula supu kidogo, akanitemea iliyobaki, kwa makusudi, namjua. Daktari alikuja Ijumaa. Nilimuuliza waziwazi, akanijibu waziwazi: kiharusi cha tatu kinaweza kuja wakati wowote, na kikija kitamchukua. Nilitaka kulikalia hilo mpaka nipate namna ya kulilainisha. Nimeliandika lilivyo. Mkono ni wangu, lakini maneno ni ya daktari.

Na kuna jambo jingine. Gari lolote likipita hapa barabarani anageuza shingo dirishani. Likishapita ananitazama mimi. Mwanzo nilijifanya sielewi. Jana nikamuuliza, "Unataka aje nalo?" Akafumba macho. Nikamwambia, "Unajua nilivyoogopa gari lile? Unajua nilichokifanya kwa kuliogopa?" Akafumba tena, na safari hii hakuyafumbua mpaka nikamshika mkono.

Basi njoo, mama. Usisubiri mwisho wa mwezi. Pumzika njiani, usiendeshe usiku, na kila unaposimama kunywa maji fungua boneti uangalie. Uje nalo mpaka chini ya dirisha, usizime. Anataka kulisikia.

Mimi nitakuwa nimesimama barabarani tangu asubuhi.

Shangazi yako